Gunia la Kukokotea Watu

Ukimuuliza mtu wa Kindu wa siku zile za Wabelgiji kama alimjua Hadidja binti Masudi, atacheka kwanza. "Ah, mama wa gunia!" Na kama ni mtu mwenye moyo, kicheko kitamkatikia katikati. Basi kaeni vizuri, jamaa zangu, tusiende mbio. Habari ya mama huyu ikisemwa mbio inageuka kichekesho, na ndivyo ilivyomuumiza mara ya kwanza.

Hadidja alikuwa mshona magunia katika mangazini ya pamba, ghala la pale bandarini, kati ya reli na mto. Pamba ilifika kwa treni kutoka Kongolo na Kibombo, imefungwa marobota, ikapangwa ndani mpaka karibu na mabati ya paa, ikingoja mashua ya kuishusha Ponthierville. Njiani magunia yalichanika, na robota lililopasuka halipandi mashuani. Ndiyo sababu wakawekwa wanawake wa kushona. Walikaa chini kwenye saruji, miguu imenyooshwa mbele, kila mmoja na shazia yake, ile sindano nene ya magunia, na midomo yao haikupumzika zaidi ya mikono. Walisengenya, waliimba, walitukanana kwa upendo. Vumbi la pamba liliwakaa kwenye nyusi, hata ukiingia ghafla ungedhani ni mabibi vizee wote.

Mume wake alikufa kwa homa zamani, akamwachia mtoto mmoja, Kasimu. Hakuolewa tena. Wanaume walikuja kuuliza, akawajibu kwamba nyumba imejaa. "Imejaa nani, na mko wawili tu?" wakamwambia. "Njo hao wawili walioijaza," akasema; huku kwetu "njo" ni "ndio".

Kasimu alikua mrefu, mwenye kifua, akaandikwa kazi katika kikosi cha kuzima moto cha mangazini ile ile. Watu waliwaita wapompie. Walikuwa na pampu ya mkono juu ya magurudumu, mpira wa maji wa turubai, mashoka, na kofia za shaba zilizong'aa kama sahani ya sikukuu. Kasimu akipita na kofia yake, wasichana wa mtaa wa Kasuku walisahau ndoo zao bombani. Mama yake naye aliisugua ile kofia kwa ndimu na majivu, kila wiki, akiimba. Hiyo ilikuwa raha yake yote, na hakuificha.

Sasa sikilizeni moto wa kwanza. Ulikuwa mdogo, miaka michache baada ya vita ile kubwa ya Wazungu. Robota moja lilishika katikati ya mangazini, moshi ukajaa upesi. Wanawake walikuwa chini, kama kawaida yao, na walipoona moshi hawakusimama. Walikwenda kwa tumbo, shavu karibu na saruji, mpaka mlangoni. Safi, rafiki wa Hadidja, alitoka akikohoa na kulalamika kwamba kikwembe kipya alichojifunga kimekwisha. Wote walitoka wazima.

Lakini mpompie mmoja, Anaclet, alianguka ndani. Wenzake wawili walimfuata. Wakamwinua, mmoja mabegani, mmoja miguuni, wakasimama naye wima, kama inavyompasa mtu kubebwa. Wakatoka wakiyumba. Wale wawili walitapika mpaka jioni. Anaclet alikuwa amekwisha kufa, na hakuwa ameungua hata kidole.

Watu walisema moto umemuua. Hadidja hakuamini. Yeye alikuwa ametoka kwa tumbo na alikuwa ameona kwa macho yake: moshi unakaa juu, na chini, karibu na sakafu, kuna hewa iliyobaki, nyembamba tu, ya kumtosha mtu aliyelala. Anaclet alikuwa amelala ndani ya ile hewa. Walimuua kwa kumwinua.

Jioni ile alimtazama Kasimu akila, na chakula kikamshinda yeye.

Toka hapo hakuwa na wazo lingine. Pale mangazini kulikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyeihesabu kuwa kitu: pamba chafu, ile iliyomwagika sakafuni, wanawake waliikusanya juu ya gunia lililopasuliwa, wakalikokota mpaka nje. Mzigo ambao wanaume wawili wangeunguruma kuuinua, mwanamke mmoja aliuvuta akiwa ameinama, huku anaendelea kusimulia habari za jirani. Hadidja akaanza kutazama gunia lile kwa jicho lingine.

Akashona. Magunia matatu, moja juu ya jingine, kwa mishono ya karibu karibu. Upande wa chini akatia kipande cha turubai ili liteleze. Mahali pa kichwa, mfuko mdogo wa pamba. Kisha akaomba mikanda ya mashine iliyokatika: mmoja wa kupita makwapani mwa aliyelala, asiteleze kutoka; mwingine mrefu, kitanzi cha kuvaa begani, ili mvutaji aende kwa magoti na mikono yake iwe huru. La kwanza lilichanika, maana mishono ilikuwa mirefu mno. Safi alikuwa amelala juu yake.

"Umenivunja kiuno!" akapiga kelele Safi.

"Kiuno gani? Weye uliacha kiuno kwa mume wako wa kwanza."

La pili lilishika.

Mkubwa wa wapompie alikuwa Gérard, mtu wa misheni, mpole, asiyependa kusema kwa sauti. Aliligeuza gunia huku na huku, akavuta mikanda.

"Mama Kasimu, hiki kitu njo kizuri," akasema. "Sisi walitufundisha kutambaa kwenye moshi. Lakini hakuna aliyetufundisha kutambaa na muntu."

Mzungu wa mangazini, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani, hakukataa. Alisema litundikwe ukutani kando ya pipa la maji, na Jumamosi wapompie walifanyie majaribio uwanjani. Kisha akarudi kwenye hesabu zake. Kwa hiyo msije mkadhani wakubwa ndio waliozuia. Kizuizi kilikuwa kwetu wenyewe, ndani kabisa.

Maana Kindu mtu hakokotwi. Mgonjwa anabebwa mgongoni. Mlevi anabebwa. Mwenye mguu uliovunjika anabebwa na ndugu wakipokezana, hata kama ni safari ya kutoka Lokandu, na anayembeba anajisifu. Kinachoburutwa chini ni nyama ya mawindo, na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa. Na zamani, siku za misafara, waliburutwa watu waliofungwa kamba. Mjini mle kulikuwa na wazee ambao babu zao walishika kamba ile, na wazee wengine ambao babu zao walifungwa nayo. Walikaa mtaa mmoja, waliswali safu moja, waliozana watoto. Hawakuongea habari hiyo. Ila jambo moja wote walilirithisha kwa watoto wao bila kulisema: mtu asionekane tena akiburutwa chini.

Hadidja alilijua hilo. Alidhani kifo cha Anaclet kitakuwa na nguvu zaidi.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wachukuzi wa bandari, wanawake wa soko, watoto. Gérard alitandaza gunia kwenye mchanga, akamtazama Kasimu.

"Lala."

"Miye?"

"Njo weye mutoto wa mwenye gunia."

"Shefu, nitume mtoni nikamvute mamba kwa mkia, nitakwenda," Kasimu akasema. "Lakini hapo silali."

Watu wakacheka. Hadidja akasogea mbele. "Baba, ni kujaribu tu."

"Mama, mbuzi njo anakokotwa. Tena mbuzi mwenyewe, mpaka awe amekufa."

Watu wakanuna. Ndipo akatoka Nestor. Nestor alikuwa mpompie pia, rafiki wa Kasimu wa kula sahani moja, mtu wa mzaha, asiyevumilia kuona watu wamenuna. Akavua kofia, akaipeperusha.

"Basi mupishe njia, mbuzi amefika!"

Akajitupa juu ya gunia, akatoa ulimi pembeni, akalia "Meee!" Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mpompie mmoja akavaa kitanzi, akatambaa, na gunia likateleza vizuri kabisa juu ya mchanga, kama lilivyoshonwa liteleze. Hadidja peke yake ndiye aliyeliona hilo. Wengine walimwona Nestor.

"Mupitishe hapa nimukate mguu wa nyuma!" akaita muuza nyama mmoja.

"Mguu ameshauchukua baba mkwe," Nestor akajibu akiwa chini. "Labda nikupe utumbo, yaya, kaka yangu!"

Walizunguka uwanja wote. Mzee mmoja wa bandari, Okito, hakucheka. Alitema mate, akaondoka akiburuta fimbo yake. Wengine walicheka mpaka machozi, na Nestor alipoinuka kujipangusa mchanga alipigiwa vigelegele. Alidhani yamekwisha pale pale.

Hayakwisha. Kesho yake, alipotoka misa, watoto walimfuata wakilia "Meee." Sokoni wakamwita Nyama. "Nyama, leo uko mbichi au umekaushwa?" Alijibu mzaha kwa mzaha siku za kwanza, kisha akaanza kujibu kwa matusi, kisha akaacha kupita sokoni. Alikuwa na mchumba, Jeannette. Baba wa Jeannette akatuma neno kwamba binti yake haolewi na mtu aliyeburutwa mbele ya mji, hata kama ilikuwa mchezo. Mambo kama yale hayachezewi. Uchumba ukavunjika hivyo hivyo.

Gunia likabaki ukutani kando ya pipa. Hakuna mpompie aliyeligusa. Gérard alijaribu kuagiza zoezi la pili. Siku ile nusu ya kikosi waliamka na homa.

Hadidja alimngoja mwanawe jioni, akamwekea sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, akakaa karibu naye.

"Kasimu, nisikilize. Nakuomba ujifunze wewe tu. Hapa hapa uani, nyuma ya boma. Nani atakuona?"

"Nitajiona mwenyewe."

"Na moshi ukikuangusha?"

Kasimu alimega, akachovya, akatafuna kwanza. "Nimemwapia Nestor. Alilia, mama. Nestor! Alinishika mkono, akasema: Nikianguka unibebe, usinikokote tena mbele ya watu. Nikamwapia. Naye akaniapia."

"Mtakufa wawili."

"Basi tutakufa wanaume."

"Na miye?" Hadidja akauliza. "Miye nitakuwa nani?"

Kasimu alikula akamaliza, akanawa, akamshukuru kwa chakula, maana alikuwa na adabu. Adabu ile ilimtia mama yake baridi kuliko kama angemkemea.

Moto wa pili ulikuja Ijumaa, kiangazi, jua liko utosini, wanaume wengi wako msikitini. Treni ilikuwa ikirudisha mabehewa kando ya mangazini. Cheche ya kuni ikaruka kutoka bomba la moshi, ikatua kwenye pamba chafu iliyolundikwa mlangoni, ikaingia ndani na upepo. Pamba haiwaki kama nyasi kavu. Inaungua ndani kwa ndani, taratibu, na moshi wake ni mzito, wa manjano, unasukuma kama kitu chenye mikono.

Wanawake walitoka kwa tumbo, kama mara ya kwanza. Wapompie walifika na pampu. Nestor alishika mdomo wa mpira, akaingia mbele, na kwa muda watu nje waliona mpira ukisogea nyuma yake kama nyoka anayeingia shimoni. Kisha wakasikia marobota yakiporomoka. Mpira ukasimama.

"Nestor!" Gérard aliita. "Nestor!"

Kasimu alikuwa kwenye pampu. Aliuacha mpini, akafunga kitambaa cha maji puani. Hadidja alikuwa amekwisha kulitoa gunia ukutani, amelizamisha katika pipa, analileta mikononi likichuruzika maji.

"Chukua, baba. Limelowa. Chukua."

Kasimu akalitazama. Akatazama watu: wachukuzi, wanawake wa soko waliokuja mbio, yule muuza nyama. Wale wale wa Jumamosi.

"Mama, niache."

Akampita mikono mitupu, akaingia.

Hadidja akalala kifudifudi kizingitini. Hakuona kitu kingine cha kufanya. Chini ya moshi kulikuwa na ile hewa, sasa nyembamba zaidi, na ndani yake aliona sakafu, na mbali sakafuni aliona miguu ya mwanawe. Aliijua miguu ile kabla haijajua kutembea. Iliinama, ikahangaika, magoti yakagusa chini. Hapo alifurahi, alidhani amekumbuka. Kisha magoti yakaondoka chini. Kasimu alikuwa amemtupa Nestor begani na amesimama.

"Chini!" akapiga kelele. "Chini, baba! Lala chini!"

Miguu ilikuja. Ilikuja vizuri, hatua ndefu, za mtu mwenye nguvu. Halafu moja ikaenda pembeni, kama ya mtu aliyesahau njia ya kwao. Ikasimama. Ikajaribu tena. Kisha magoti yakakunjika na wote wawili wakaanguka, Nestor juu, Kasimu chini.

Gérard alisema baadaye kwamba alijaribu kumkamata yule mama na akabaki na kitambaa chake cha kichwa mkononi. Hadidja aliingia kwa magoti, kitanzi begani, gunia likimfuata nyuma. Alikuwa amevuta mizigo kwenye saruji ile toka Kasimu akiwa mgongoni mwake. Alifika. Mkono wake ulimgusa Nestor kwanza, kifuani, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, kidogo, lakini kinapanda. Alikuwa mzito juu ya mwanawe. Gunia lilikuwa moja.

Alimsukuma Nestor kwa mikono miwili mpaka akabingirika pembeni. Akamvuta Kasimu juu ya gunia, akapitisha mkanda makwapani, akageuka, akavuta.

Alitokea mlangoni akiwa anatambaa, uso mweusi, kichwa wazi, na nyuma yake, amelala chali, mikono inaburuta vumbi, mwanawe. Alimvuta mpaka kwenye mwanga kamili, mbele ya uwanja mzima. Safi akammwagia maji. Kasimu akakohoa, akatapika, akavuta pumzi kwa mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta.

Gérard hakungoja. Alifungua mkanda, akavaa kitanzi mwenyewe, akarudi ndani na gunia kumtafuta Nestor. Alikuwa hajafika mbali paa la upande ule liliposhuka. Alitoka peke yake, nywele zimeungua, bila gunia.

Hakuna aliyecheka siku ile. Watu walisimama mbali kidogo na Hadidja, na mwanamke mmoja akasema, si kwa ubaya, kama mtu anayesema kilicho mbele ya macho yake: "Amemukokota mutoto wake." Neno hilo likaenda mjini kabla ya majeruhi kufika dispanseri.

Katika matanga ya Nestor, Hadidja alikwenda. Safi alimkataza, akaenda. Mama wa Nestor, Élisabeth, alikuwa amekaa mkekani, amenyolewa. Alimwinulia macho aliyeingia.

"Mama Kasimu. Ulimuona mwanangu mule ndani?"

"Nilimuona."

"Alikuwaje?"

Wanawake wote waliacha kulia ili wasikie.

"Alikuwa amekwisha kufa, dada yangu," Hadidja akasema. "Alikuwa amekwisha."

Élisabeth akatikisa kichwa taratibu. Akamsogezea mkeka akae. Labda aliamini. Labda alitaka tu usiku upite.

Kasimu hakufa. Lakini pumzi yake haikurudi yote. Akipanda ngazi tatu alisimama kama mzee, na mvua ikikaribia kifua kilipiga filimbi. Mangazini ikamtoa kikosini, maana mpompie asiye na pumzi ni wa nini, na kofia ikarudishwa. Hayo angeyavumilia. Kilichomshinda kilikuwa njiani. Hakuna aliyemwita Nyama. Walikwisha kujifunza kwa Nestor. Walinyamaza tu akipita. Wanaume wa rika lake walimsalimu wakitazama mahali pengine, na asubuhi moja akamwambia mama yake kwamba anahamia ng'ambo, Alunguli, kwa mjomba Tambwe.

"Kwa nini, baba? Nimekukosea nini?"

"Ungeniacha na rafiki yangu."

Akavuka mto na kibunda kimoja.

Bwana Miwani naye hakukaa bure. Mashua ilileta machela mpya kutoka Ulaya, turubai safi, miti miwili iliyopakwa rangi, mishikio minne. Ilikuwa nzuri. Ilihitaji watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, nao wasimame wima. Gérard aliipokea, akasaini, akaenda kwa Hadidja kumwomba ashone gunia lingine, kimya kimya. Akashona; mkono haukukataa kazi. Likatundikwa mahali pa lile la kwanza. Mlinzi akalikuta laini, akawa analilalia mchana, na hakuna aliyemwambia aache.

Hadidja alimtumia mwanawe chakula kwa wenye mitumbwi. Sufuria zilirudi zimejaa. Alipoona hivyo, siku moja aliacha shazia katikati ya mshono, akashuka mtoni, akavuka mwenyewe.

Alimkuta nyuma ya nyumba ya Tambwe, amekaa kwenye kigogo, anachonga fito za kutengeneza migono, mitego ya samaki. Ilikuwa kazi ya kukaa. Alikuwa amekonda, na kwenye kila pumzi bega lilipanda. Tambwe aliwaona, akachukua jembe lake, akaenda shambani ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Chakula changu hukitaki?"

"Sina njaa."

Alikaa chini karibu naye, miguu imenyooshwa, kama kazini. Kasimu aliendelea kuchonga. Baada ya muda akaweka kisu.

"Nimesikia ulichomwambia mama Élisabeth."

Hadidja aliokota ganda la fito.

"Miye nilimbeba, mama. Kichwa chake kilikuwa hapa, shingoni. Nilisikia pumzi yake hapa, ya moto, mpaka mwisho, mpaka nilipoanguka. Toka siku ile najiuliza. Labda ilikuwa pumzi yangu mwenyewe. Muntu kwenye moshi hajui." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Weye ulimshika. Nestor alikuwa anapumua?"

Fikirini, jamaa zangu, neno moja lilikuwa mdomoni mwa Hadidja. Alikwisha kulitumia mara moja, kwa mwanamke aliyekuwa analia, na lilifanya kazi. Kama angelisema tena, mwanawe angevuka mto naye siku ile ile, labda. Lakini alimtazama, na aliona kwamba kijana huyu angelichukua neno hilo na kulipima dhidi ya shingo yake kila usiku mpaka afe, na kila usiku lingempungukia.

"Alikuwa anapumua," akasema.

Kasimu akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyepokea mzigo wake kituoni na kukuta ni wake kweli.

"Na ulimsukuma."

"Nilimsukuma. Alikuwa juu yako."

"Ungemchukua yeye kwanza, kisha urudi."

"Nisingewahi kurudi."

"Hujui."

"Sijui," Hadidja akakubali. "Lakini hata ningejua, baba, ningekuchukua weye. Sitakudanganya. Hata leo."

Mbali mtoni mashua ilipiga honi, na kuku wa Tambwe walikuja kupekua maganda ya fito miguuni mwao. Kisha Kasimu alisimama kwa kushika ukuta, pole pole, maana kusimama kulikuwa kazi.

"Mtumbwi utaondoka, mama. Usije ukakosa nafasi."

"Nitarudi Ijumaa."

"Usirudi."

Akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliusukuma tu mpaka ukagusa. Hadidja alibaki amekaa, akisikiliza ndani ile filimbi ya kifua, mpaka alipoona kivuli kimehama. Akainuka, akajipangusa, akashuka ufukweni.

Mpiga kasia alikuwa mtu wa mazungumzo. Walipofika katikati ya mto aliacha kasia likielea, akamuuliza: "Je, mama, mutoto ulimukuta?"

"Nilimkuta."

"Hajambo?"

Hadidja alikuwa ameelekea Kindu, mgongo kwa Alunguli, mikono imelala mapajani.

"Anapumua," akasema.